Sauti ya Zena Niliyoipiga Pasi

Nimestaafu, ndiyo! Unacheka nini? Nani kakwambia kustaafu lazima uwe na mvi na bakora? Mimi nina miaka thelathini na mbili, nimefanya kazi ya studio miaka kumi na mmoja hapa hapa Kibiti, na sasa nalima ufuta Mtawanya. Sikufukuzwa. Sikuibiwa kompyuta kama mnavyotangaziana vijiweni. Nimeacha mwenyewe, na anayebisha aje shambani tubishane huku anapalilia, maana mistari iliyobaki ni mirefu.

Halafu kuna wengine wanasema eti Kasi Moto, ndiyo mimi huyo, aliishiwa. Wadogo zangu, ili uishiwe lazima kwanza uwe nacho. Mimi nilikuwa na biti moja. Moja tu! Miaka kumi na mmoja, biti moja, na mji mzima ukaniita prodyuza.

Ilipatikana kwa bahati. Mwanzoni nilikuwa naingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, kibanda changu kiko pale stendi. Muziki sikusoma popote. Kompyuta nilijifunza kwa kubonyeza kila kitu mpaka kiharibike, halafu nakumbuka nilichobonyeza, kesho sikigusi. Siku moja nikabonyeza, ikatoka ngoma: du-ku-du, pa, du-ku-du, pa. Nikaongeza kinanda, nikaongeza filimbi. Madereva wawili wa bodaboda wakasimama mlangoni, vichwa vinatingishika. Nikasema basi, nimefika. Nikaja kugundua baadaye kwamba walikuwa wanasubiri mvua ikatike.

Lakini nilishavimba kichwa. Nikapanga chumba, nikapiga misumari trei za mayai ukuta mzima ili sauti isirudi. Anayetaka kuijua kazi aandike hili: trei ziwe zimekaushwa juani. Zangu sikukausha. Wasanii wa mwaka wa kwanza wote waliimba huku wameziba pua, na mpaka leo watu wanadhani ile sauti ya puani ilikuwa mtindo wa Kibiti. Ilikuwa ni harufu ya mayai viza.

Na maiki usiiache wazi. Chukua soksi ndefu ya kike, ivute kwenye waya uliokunja duara, weka mbele ya mdomo wa muimbaji, zile pumzi za "pa" na "ba" zinaishia humo. Jirani yangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo nilirekodi akienda kula. Mvua ikigonga bati, unafunga. Na kila ukimaliza mstari mmoja, hifadhi, kwa sababu umeme haukuagi. Hayo niliyajua vizuri sana. Nilichokuwa sikijui ni muziki.

Anakuja mtu ana wimbo wa mapenzi, namuwekea ile biti. Anakuja mwingine ana wimbo wa kuhimiza watu wachimbe vyoo, ile ile. Wa mgombea, wa timu ya mpira, wa mganga anayetibu mgongo, ile ile, nabadilisha filimbi tu. Mtu akiimba haraka namwambia punguza. Akiimba polepole namwambia kimbia. Akiniambia, "Kasi, mbona huu wangu hauko hivyo?" nampandishia: "Wewe nani? Unajua watu wa Dar wanafanyaje?" Mimi mwenyewe Dar nilikuwa nimefika mara mbili, na moja nilipelekwa hospitali.

Alinishtukia mtu mmoja tu. Spika za shughuli za Kibiti nzima zilikuwa za Bi Mwajuma, tukimwita Mama Spika. Harusi, kumcheza mwali, kampeni, zote zake. Mama mnene, mpole wa uso, mdomo kama pilipili. Jumamosi nilikuwa namfanyia kazi: yeye anatoa spika, mimi napiga muziki. Nilimpenda na nampenda mpaka kesho, na mtu akimtaja vibaya mbele yangu tutagombana, hata awe shehe.

Tulikwenda harusi moja Mkongo. Bi harusi alikuwa na wimbo wake wa kuingilia, nilimtengenezea mimi. Sasa ile kompyuta mafaili yote niliyaandika "Kasi Moto mpya", namba moja, namba mbili, mpaka namba mia na kitu. Bi harusi anatokea, kashikwa mkono na shangazi yake, vigelegele, nikabonyeza. Du-ku-du, pa. Watu wanacheza, bi harusi anatembea kwa madaha, kila kitu sawa. Kikaja kiitikio. Kikatoka, "Mchagueni, mchagueni, mwenyekiti mwenye maono!"

Ulikuwa wimbo wa mgombea wa kijiji. Na mgombea mwenyewe alikuwepo! Alikuwa anakula pilau. Akasimama, akanawa mkono upesi upesi, akaanza kupungia watu.

"Kasimu," Mama Spika akaniita kwa jina langu la nyumbani. Akiniita hivyo najua nimekwisha.

"Naam, mama."

"Umempigia bi harusi nyimbo ya nani?"

"Nimekosea faili tu, mama. Zimefanana."

"Faili ndiyo zimefanana?"

Nikainamia kompyuta. Yule mgombea bado anapunga.

Kipande kilichofuata akanionyesha kitu. Akaniambia nipige wimbo wangu wowote ninaoupenda, niupige hasa, watu wacheze. Nikapiga. Katikati akanyoosha mkono akazima. Kimya. Watu wakacheza hatua mbili zaidi, wakasimama, wakarudi kwenye viti vyao wakaendelea na stori.

"Umeona?" akasema. "Mtu kalalamika?"

"Wamechoka, mama."

"Wamekuchoka wewe."

Nilikasirika siku mbili. Hasira zangu mnazijua. Lakini sikubadilisha kitu, maana kichwani nilikuwa na jibu: mbona wateja wanakuja? Na kweli walikuwa wanakuja. Wanataka kusikika kama waliyemsikia jana. Hilo msilidharau, mtu anayeanza anaogopa kuwa peke yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kumtoa huo woga, nikawa namtoa na yeye mwenyewe humo humo.

Basi akaja Zena.

Alitoka Mbwera, akapanda boti mpaka Nyamisati, akapanda gari mpaka Kibiti. Aliingia studio kajifunga kanga mbili juu ya dera, mkononi kapu la mchele. Ana miaka ishirini na mbili. Hajawahi kuona maiki karibu.

"Ndiye Kasi Moto wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mbona mdogo? Wimbo wako una sauti ya mtu mwenye kitambi."

Nilimpenda palepale, kwa udugu nasema, msianze. Akanieleza. Alikuwa gatini Nyamisati anasubiri maji yajae, anaimba tu kupoteza muda. Kukawa na tajiri mmoja wa muziki kutoka Dar anasubiri boti ya Mafia. Akamsikia. Akamwambia, "Rekodi wimbo mmoja, nitumie. Nikiupenda utakuja Dar uimbe na bendi, nauli juu yangu." Akamwachia namba. Hiyo tu. Wimbo mmoja, mlango mmoja, na katika studio zote za dunia Zena akaja kwangu.

"Haya, imba," nikamwambia.

"Naimba lakini mwenzangu hayupo."

"Mwenzako gani?"

Ikabidi anifundishe, maana mimi mtu wa barabarani, mambo ya mpunga wa delta nayasikia tu. Msimu mpunga ukianza kuzaa, kila familia inakaa shambani kuamia ndege. Unajenga dungu, kichanja kirefu chenye paa, unakaa juu kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, unapiga kelele kufukuza ndege. Sasa kelele tupu inachosha, kwa hiyo kwao wanaimba. Wewe unaimba mstari, unanyamaza. Mwenzio wa dungu la pili, kule mbali, anajibu mstari wake. Anaweza kujibu upesi, anaweza kuchelewa kwa sababu anafukuza ndege au anakohoa au anajikuna. Unamsubiri. Humuingilii. Na kila mtu ana namna yake ya kumalizia mstari, anavyoivunja sauti pale mwisho, hakuna wawili wanaofanana.

"Kwa nini wasifanane?" nikauliza.

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu hawavai kofia moja. "Sasa wakifanana nitajuaje dungu gani lina mtu na dungu gani halina? Mwanaidi akiniita, namjua ni Mwanaidi. Nikisikia sauti si yake, nashuka naenda kuangalia. Huenda kaumwa na nyoka."

Huyo Mwanaidi ndiye shoga yake wa dungu la pili, wamekua wote.

Akaimba. Sikilizeni, mimi ni mtu wa maneno mengi lakini hapa sina. Aliimba mstari, sauti ikapanda, kufika mwisho ikavunjika, ikawa mbili, kama mtu kacheka na kulia pamoja. Halafu akanyamaza. Akakaa kimya kabisa, kichwa kakiinamisha, anamsikiliza Mwanaidi ambaye yuko Mbwera. Halafu akaimba tena. Ule ukimya mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine mrefu zaidi. Nikajikuta na mimi namsikilizia Mwanaidi.

Jumamosi nikampigia Mama Spika ile sauti ghafi niliyomrekodi Zena, bado haijaguswa, kwenye shughuli ya kumcheza mwali, wakati kina mama wanapakua chakula. Katikati akanyoosha mkono akazima, mchezo wake ule. Mama mmoja mwenye upawa akageuka: "We! Nani kazima? Rudisha!" Na mwingine: "Jamani, alikuwa anasubiri ajibiwe!"

Mama Spika akaniambia, "Hii usiiguse."

Nikaigusa.

Jamani, nilikuwa na haki gani ya kuitwa mwenye akili? Nilirudi studio nikaifungua kwenye kompyuta. Kompyuta ile ina mistari, kila kitu kinakaa kwenye vyumba vinne vinne. Sauti ya Zena haikai. Inaanzia nje ya mstari, inaishia nje ya mstari. Nikasema tajiri wa Dar akisikia hivi atasema Kibiti hakuna prodyuza. Mimi! Nilijifikiria mimi. Nikachukua ile programu ya kunyoosha sauti, tulikuwa tunaiita pasi, nikaipitisha. Pale inapovunjika nikanyoosha, ikawa laini kama shuka la hoteli. Ule ukimya nikaukata. Uliobaki nikauziba kwa sauti yangu mwenyewe: "Kasi Moto jikoniii!" Mara sita. Nimehesabu baadaye, mara sita kwenye wimbo wa mtu. Chini nikaweka du-ku-du, pa. Halafu kompyuta ikaniambia imejaa, nafasi hakuna. Nikafuta sauti ghafi.

Mkisahau yote, hili msisahau: sauti ghafi haifutwi. Futa picha za harusi ya dada yako, dada atasamehe.

Zena akaja kusikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapa pangu umepaziba," akasema.

"Nimepatengeneza."

"Kwani palikuwa pabovu?"

"Zena, mimi ndiye fundi. Wewe unajua ndege, mimi najua studio. Si unataka kwenda Dar?"

"Nataka."

"Basi jifunze kuuimba hivi, maana wakikuita na bendi ndivyo watakavyoupiga. Hesabu moja mbili tatu nne, ingia. Usingoje mtu."

Nikamwekea kwenye simu. Nikamwambia aufanyie mazoezi kila siku. Na Zena akiambiwa kitu na anayemwamini, anakifanya.

Wimbo ukaenda Dar. Siku ya tatu yule tajiri akatuma ujumbe wa sauti: "Dada, nyimbo kama hii ninazo ndoo nzima. Yule niliyemsikia gatini yuko wapi?"

Mimi hapo nikachukua simu yangu nikampigia. Nikamtukana. Nikamwambia hajui muziki, hajui Rufiji, na Zena ni dada yangu na atakayemdharau atanikuta. Nilimtetea Zena kwa nguvu zote mpaka salio likaisha. Ikanichukua nusu saa, nimekaa na simu iliyozima mkononi, kuelewa kwamba yule bwana hakumsema Zena hata neno moja. Alikuwa ananisema mimi.

Mungu amjalie, hakukasirika. Akamtumia Zena ujumbe mwingine: mpaka mavuno yaishe atasubiri, tumtumie wa kweli. Ghafi sina. Ikabidi nifunge kinasa sauti kwenye mfuko wa plastiki, nipande boti niende Mbwera mwenyewe.

Mama yake Zena akanipokea vizuri. Nimekula wali na kamba mpaka nikafungua mkanda. Pale nje kuna kijana anasuka wavu, simu yake inaimba, na kinachoimba ni ule wimbo. Umeshafika mpaka huko, kwa jina gani? "Kasi Moto mpya", namba mia moja na arobaini. Jina la Zena halipo.

Mama akaniambia, "Huyo dada anaimba vizuri. Umemrekodi wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Wa wapi?"

Nikamtazama Zena. Zena anaosha sahani, hainui kichwa. Hakuwa amemwambia.

"Wa huku huku pwani, mama."

"Haya. Na wa mwanangu utautoa lini?"

Nikasema nimevimbiwa, nikatoka kwenda kutembea.

Mchana tukaenda shambani. Nilipanda lile dungu kwa shida, ngazi yake ni miti mitatu na imani. Juu nikaona mpunga mpaka mwisho wa macho, na kule mbali dungu la Mwanaidi, dogo kama kiberiti. Nikatoa kinasa sauti, nikavalisha soksi. Nikamwambia Zena, "Sasa sahau yote niliyokwambia. Imba kama siku ya kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, kanielewa. Akaimba.

Ilitoka laini. Pale inapovunjika, haikuvunjika. Nikasema ana woga, atafunguka. Akanyamaza, nikaona kidole chake kwenye goti: moja, mbili, tatu, nne. Akaingia. Mwanaidi ndiyo kwanza anaanza kujibu kule, sauti zikagongana, Mwanaidi akakatiza. Zena akaendelea. Moja, mbili, tatu, nne. Mwanaidi akajaribu tena, akakuta Zena kashapita. Ya tatu hakujibu. Ndege wakatua upande wake, wengi, na hakuna anayewafukuza.

"Zena," nikamwambia polepole, "msubiri mwenzio."

"Nimemsubiri," akasema. Na kwa kweli alikuwa anaamini amesubiri.

Akaimba tena, vilevile. Mara nikaona mpunga unatikisika, kuna mtu anakuja mbio, panga mkononi. Ni Mwanaidi, matope mpaka mapajani. Akafika chini ya dungu anahema, akapiga kelele, "Nani humo juu?"

"Mimi, shoga!"

"Wewe nani?"

"Zena!"

Akapanda ngazi, akachungulia, akamuona. Akaangusha panga chini. "Umenitia presha, mwanamke! Nasikia mtu mwingine anaimba kwenye dungu lako. Nikasema shoga yangu kapatwa na nini." Halafu akaniona mimi na soksi yangu. "Na huyu?"

"Prodyuza."

"Aa," Mwanaidi akasema. Na "aa" ile ninayo mpaka leo.

Tulirekodi mara nane. Niliporudi Kibiti nikaifungua kwenye kompyuta, kila mstari umekaa kwenye chumba chake, haujatoka hata unywele. Sikuwa na cha kunyoosha. Tukautuma. Yule wa Dar hakujibu, na sikumpigia kumtukana. Zena yuko Mbwera, bado anaimba, wanamuita kwenye harusi na watu wanampenda, na mtu asije kunisemea vibaya Zena. Aliyekosea anapalilia ufuta.

Lakini si yule tajiri aliyenifanya niuze vitu vyangu vya studio. Ni pale pale juu ya dungu. Baada ya ile ya nane, Mwanaidi alikuwa kashashuka kwenda kufukuza ndege wake. Zena akanigeukia, uso wake safi kabisa, hana hasira, hana hata kinyongo kidogo, anataka tu kufundishwa. Akaniuliza, "Kasi, nimekosea wapi? Si ndivyo ulivyonielekeza?"

Mimi, mtu ninayebishana na hakimu, nikazima kinasa sauti. Nikaanza kukunja waya.

Sasa wewe unayesema niliishiwa, wewe uliyekuwa unacheka hapo mwanzo na kompyuta yako mpya mapajani: ungemjibu nini?